Usianze na harusi: namna ya kutunga "ingekuwaje" ya nasaba za kifalme za Ulaya

Hapa Tabora hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba ndoa ya wakubwa ni jambo la utawala. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa ile ilimpa heshima ikulu na nafasi katika biashara ya pembe. Fundikira alipofariki, mnamo 1858, utemi ukaenda kwa Mnywa Sere. Ukwe haukuzuia ugomvi wa ushuru wa misafara, na mnamo 1860 Waarabu wakamwondoa Mnywa Sere na kumweka Mkasiwa. Ndoa ilimpa mkwe sauti tu, haikumrithisha kiti. Isingeweza, maana kwa desturi ya zamani katika nchi nyingi za Wanyamwezi utemi ulikwenda kwa watoto wa dada.

Nawaandikia wale wenye hamu na Ulaya ya karne ya 14 na 15: wanaotunga hadithi, wanaocheza michezo ya mikakati kwenye kompyuta, na wanafunzi wanaobishana usiku kuhusu nani angetawala wapi kama fulani angeolewa na fulani. Kosa linaloharibu kazi nyingi za namna hii ni moja. Mtunzi anabadilisha harusi, halafu anajumlisha nchi za bwana na za bibi kana kwamba ni ng'ombe waliotiwa zizi moja. Falme za wakati ule hazikuchanganyika hivyo. Kila nchi ilibaki na sheria yake ya urithi, baraza lake na kodi yake. Aliyebaki na nchi aliamuliwa na kifungu cha kifo, yaani mkataba ulisemaje endapo mmoja wa wanandoa angekufa, akiwa na mtoto au bila mtoto. Mtunzi aanze na kifungu hicho, harusi aiandike baadaye.

Zana ni kaunta buku, rula na subira. Laza daftari kwa upana, kila mtu mpe mstari mmoja. Safu ya kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, siku na mwezi vikiwemo, maana mwaka peke yake utakudanganya. Zifuatazo ni siku aliyotimiza miaka 7, siku aliyotimiza 12 kama ni msichana au 14 kama ni mvulana, siku ya kufa, wasimamizi wake wa ubatizo, na mwisho mababu. Mababu wapande hadi ngazi ya nne: wazazi 2, juu yao 4, juu yao 8, juu yao 16. Hayo ni majina 30 kwa mtu mmoja, 60 kwa wachumba wawili. Inachosha, lakini anayeiruka kazi hii ataozesha watu ambao Kanisa lisingewaozesha kamwe, na msomaji mjuzi atafunga ukurasa hapo hapo.

Angalia pia kalenda. Nchini Ufaransa na Flanders mwaka ulianza Pasaka. Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Charles le Téméraire, mtemi wa Bourgogne, aliuawa mbele ya mji wa Nancy tarehe 5 Januari 1477 kwa hesabu yetu, ila hati za Flanders za siku zile zinaandika 1476. Ukichanganya tarehe ya hati na tarehe ya kitabu cha kisasa utajikuta umempa binti yake Marie mwaka mzima wa utawala ambao haukuwepo. Na Bourgogne zenyewe ni mbili. Upo utemi wenye mji wa Dijon, uliokuwa chini ya mfalme wa Ufaransa, na ipo Franche-Comté, iliyokuwa chini ya Kaisari, mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi huko Ujerumani. Mfalme huyo, Louis XI, alidai kwamba ule wa Dijon hauwezi kushikwa na mwanamke, akauchukua mara tu Charles alipokufa. Flanders na Artois nazo zilikuwa chini ya taji la Ufaransa, lakini huko binti alirithi bila shaka. Ramani inayoipaka Bourgogne yote rangi moja inaficha jambo lenyewe tunalotaka kulijua.

Milango minne kabla ya harusi

Mlango wa kwanza ni udugu. Tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215, ndoa ilikatazwa hadi ngazi ya nne: ukishirikiana na mchumba babu mmoja ndani ya wale 16, unahitaji ruhusa ya Papa. Hesabu ni rahisi: anzia kwa babu wa pamoja, shuka hatua kwa hatua upande mmoja, kisha upande wa pili. Isabel wa Castilla na Fernando wa Aragon wote wawili walishuka kutoka kwa Juan I wa Castilla. Upande wa Isabel ni Enrique III, Juan II, Isabel. Upande wa Fernando ni Fernando I wa Aragon, Juan II wa Aragon, Fernando. Hatua tatu na tatu, ngazi ya tatu. Walioana Valladolid tarehe 19 Oktoba 1469 kwa hati ya ruhusa iliyodaiwa kuwa ya Papa Pius II, aliyekuwa ameshakufa tangu 1464. Hati ilikuwa ya kughushi. Ya kweli ilitolewa na Sixtus IV mwezi Desemba 1471, mtoto wao wa kwanza akiwa ameshazaliwa. Kwa mtunzi, miaka hiyo miwili ni shamba lenye rutuba kuliko harusi yenyewe. Papa mwingine, au Sixtus mwenye deni kwa mfalme wa Ureno, angeweza kukataa, na binti mdogo Isabel, aliyezaliwa Oktoba 1470, angekuwa mtoto wa ndoa yenye kasoro.

Udugu wa ubatizo nao ulihesabiwa, na huu watunzi wengi hawaujui. Mtoto aliyebatizwa hakuweza kuoana na mtoto wa kuzaa wa msimamizi wake bila ruhusa. Marie wa Bourgogne alipobatizwa Brussels mwaka 1457, msimamizi wake alikuwa Louis, mrithi wa Ufaransa aliyekuwa amekimbilia kwa babu yake Marie. Miaka 20 baadaye Louis, sasa mfalme, alitaka Marie aolewe na mwanawe. Ruhusa ingepatikana, ila lazima iwemo kwenye hadithi yako, pamoja na muda wa mjumbe kwenda Roma na kurudi.

Mlango wa pili ni umri. Uchumba ulifaa kuanzia miaka 7. Ndoa yenyewe ilihitaji 12 kwa msichana na 14 kwa mvulana, na aliyeozwa kabla ya hapo aliweza kuikana akifikia umri huo. Chukua "ingekuwaje" inayopendwa kuliko zote: Marie aolewe na Dauphin (yaani mrithi wa Ufaransa) Charles, Ufaransa ipate Flanders kwa amani. Charles alizaliwa tarehe 30 Juni 1470. Januari 1477 alikuwa na miaka 6 na nusu, hajafikia hata umri wa uchumba. Angetimiza 14 mwisho wa Juni 1484, Marie akiwa na miaka 27. Mtoto wa kwanza, tukienda haraka, ni 1485. Kwa miaka minane Flanders ingekuwa na bibi asiye na mume wa kweli wala mrithi, chini ya mkwe ambaye majeshi yake yalikuwa yameshaingia Artois. Isitoshe, Louis XI alifariki tarehe 30 Agosti 1483. Katikati ya kungoja unaingia ulezi wa mfalme mtoto, na bwana harusi anayeweza kusema hapana mwaka unaofuata. Ndiyo maana watu wa Ghent, waliowaua washauri wa Marie, Hugonet na Humbercourt, tarehe 3 Aprili 1477 kwa kuwashuku kuwa upande wa mfalme, hawakuwa wajinga. Ukitaka ndoa hii ifanye kazi, usiibadilishe 1477. Mfanye Charles azaliwe 1462, au mwache hai Joachim, mwana wa kwanza wa Louis, aliyekufa mchanga mwaka 1459.

Mlango wa tatu ni fedha. Huko mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda upande wa mume, kinyume cha mahari yetu, na upande wa mume uliahidi pato la kumtunza mke akibaki mjane. Mambo huharibika kwa sababu kiasi kikubwa kiliahidiwa na kidogo kikalipwa. Mfano mzuri kuliko yote ni Margrethe wa Denmark, aliyeolewa na James III wa Uskoti mwaka 1469. Baba yake, Christian I, aliahidi florini 60,000 za Rhine: 10,000 taslimu, na kwa zile 50,000 akaweka rehani visiwa vya Orkney kwa mkataba wa tarehe 8 Septemba 1468. Mwaka uliofuata aliweza kutoa 2,000 tu, basi kwa 8,000 zilizosalia akaweka rehani Shetland. Mwaka 1472 Uskoti ikaviunganisha visiwa na taji lake, na majaribio ya baadaye ya kuvikomboa hayakufua dafu. Ona jinsi badiliko dogo linavyoweza kuwa na nguvu: mpe Christian zile 8,000 na Shetland haiondoki. Kuzipata 50,000 ni kazi nyingine, hazina yake haikuwa nazo. Mtunzi mwaminifu ataivunja rehani ya Shetland peke yake na kuiacha ya Orkney.

Fedha pia ilimweka Uingereza Catalina wa Aragon, binti wa Isabel na Fernando. Mali yake ilikuwa krauni 200,000, nusu ikalipwa alipoolewa na Arthur, mrithi wa mfalme Henry VII, Novemba 1501. Arthur alifariki tarehe 2 Aprili 1502. Henry VII hakutaka kurudisha zile 100,000, wala kumpa mjane theluthi ya mapato ya Wales, Cornwall na Chester aliyoahidiwa. Njia rahisi ikawa kumchumbia kwa Henry, mdogo wa Arthur. Anayeandika "ingekuwaje Catalina angerudi Castilla" aseme kwanza nani analipa.

Mlango wa nne, baraza la nchi, nitaupita haraka, ingawa ndio ulioangusha mikataba mingi. Lajos, mfalme wa Hungary na Poland, alitaka Wapoland wawakubali binti zake. Mwaka 1374, kule Koszyce, alilipia kibali hicho kwa kushusha kodi ya ardhi ya wakubwa hadi grosi 2 kwa kila kipimo cha shamba. Kibali cha wakubwa kina bei, itaje. Upande wa pili kuna Claude, binti wa mfalme Louis XII wa Ufaransa: mkataba wa Blois wa 1504 ulimwahidi kwa Charles wa Ghent, mjukuu wa Isabel na Fernando, na Bretagne, Milano na Bourgogne vikiwa juu yake. Mei 1506 wawakilishi waliokusanyika Tours wakamwomba Louis XII amwoze kwa François wa Angoulême, mkataba ukafa. Louis mwenyewe alikuwa ameshaandika kwa siri, mwaka 1501, kwamba ndoa yoyote nyingine ya Claude ni batili. Kabla ya kujenga himaya juu ya mkataba wa uchumba, jiulize kama aliyeutia sahihi alikusudia kuutimiza.

Mume anabaki na nini mke akifa?

Hapa ndipo penye kiini. Chukua waume watatu wa wanawake warithi, kila mmoja mke wake akafa kabla yake, uone matokeo yalivyotofautiana.

Jogaila wa Lithuania aliahidi huko Krewo, Agosti 1385, kubatizwa, kuunganisha nchi zake na Poland, na kulipa florini 200,000 kwa Wilhelm wa Habsburg aliyekuwa mchumba wa Jadwiga, binti wa Lajos na mrithi wa Poland, tangu utotoni. Walioana Februari 1386, na mwezi Machi akavikwa taji. Jadwiga alikuwa na taji lake mwenyewe tangu tarehe 16 Oktoba 1384. Juni 1399 alijifungua binti. Mtoto akafa tarehe 13 Julai, mama akamfuata tarehe 17. Jogaila akabaki mfalme, kwa sababu wakubwa wa Poland walikuwa wamemchagua na kumvika taji yeye mwenyewe. Hata hivyo hakujiona salama, na mwaka 1402 akamwoa Anna wa Cilli, mjukuu wa mfalme Kazimierz III, ili damu ya zamani irudi nyumbani mwake. Aliendelea kutawala hadi 1434.

Maximilian wa Austria alimwoa Marie huko Ghent tarehe 19 Agosti 1477. Alipigana vita vyake, akazaa naye Philippe mwaka 1478 na Margarete mwaka 1480. Tarehe 27 Machi 1482 Marie akafa baada ya kuanguka na farasi akiwinda, na kuanzia siku hiyo Maximilian alikuwa baba wa mrithi, basi. Flanders ikamkatalia ulezi wa mwanawe. Desemba mwaka ule ule mabaraza yakafunga amani ya Arras na Louis XI: Margarete, asiyefikisha miaka mitatu, akaahidiwa Ufaransa kama mchumba wa Dauphin, Artois na Franche-Comté zikiwa mali yake. Mwaka 1488 watu wa Bruges walimfungia Maximilian mjini mwao tangu Februari hadi Mei. Huyu alikuwa mwana wa Kaisari, na alishachaguliwa mfalme wa Warumi, cheo cha mrithi wa Kaisari.

Fernando alikuwa kati ya hao wawili. Makubaliano ya Segovia ya Januari 1475 yalimpa cheo cha mfalme wa Castilla pamoja na mkewe, jina lake likitangulia kwenye hati, ila urithi ulikuwa wa Isabel. Isabel alipofariki Medina del Campo tarehe 26 Novemba 1504, Fernando alimtangaza binti yao Juana kuwa malkia siku ile ile, akabaki na usimamizi tu ambao wosia ulimpa hadi mjukuu Charles atimize miaka 20. Hata huo mkwe wake Philippe, yule mwana wa Maximilian, alimnyang'anya mwaka 1506. Miaka 30 ya kutawala pamoja haikumwachia kiti.

Ukiyashika haya matatu, utajua la kuuliza kwa ndoa yoyote unayoibuni. Je, mume alichaguliwa na kuvikwa taji kwa haki yake? Alipewa cheo kwa muda wa uhai wa mke? Au yeye ni mlezi wa mtoto tu? Afonso V wa Ureno, kwa mfano, aliingia Castilla mwaka 1475 kumposa Juana, binti wa mfalme Enrique IV wa Castilla na wa dada yake Afonso. Watunzi hupenda kumshindisha kwenye vita vya Toro vya tarehe 1 Machi 1476 na kuunganisha Ureno na Castilla papo hapo. Ushindi haumpi zaidi ya cheo cha mume. Bado anahitaji ruhusa ya ndoa ya mjomba na mpwa, na Papa aliyeitoa ndiye aliyeifuta mwaka 1478. Bado anahitaji mtoto. Na mrithi wake wa Ureno, João, ni wa mke wa kwanza, kwa hiyo mtoto wa Juana angerithi Castilla na kaka yake Ureno. Muungano huo unavunjika siku Afonso anapokufa.

Mfano kamili: mtoto wa saa chache

Tarehe 3 Mei 1509, huko Valladolid, Germaine de Foix, mke wa pili wa Fernando, alimzalia mtoto wa kiume. Walimwita Juan. Alikufa baada ya saa chache. Naamini hakuna mahali pazuri zaidi pa kuikata historia ya nasaba za Ulaya, maana huhitaji kubuni ndoa wala mkataba. Vyote vilikuwepo tayari, kilichokosekana ni pumzi ya mtoto.

Kwanza sheria. Cortes (baraza la nchi) ya Aragon iliyokutana Zaragoza mwaka 1502 ilimwapia Juana kuwa mrithi kwa sharti: endapo Fernando atapata mwana wa ndoa halali, kiapo kinaanguka. Juan akiishi, Aragon, Valencia, Catalonia, Mallorca, Sardinia na Sicilia vinamwendea bila vita vya kisheria. Napoli nayo: katika mkataba wa Blois wa Oktoba 1505, Louis XII alimwachia Germaine, mtoto wa dada yake, haki ya Ufaransa juu ya ufalme huo kwa ajili ya watoto wake, na bila mtoto haki ingerudi Ufaransa. Kwa hiyo mtoto huyu ana Napoli kwa pande zote mbili, kwa baba aliyeiteka na kwa mama aliyeletewa dai.

Halafu Navarra, na hapa wengi huteleza. Fernando aliiteka mwaka 1512, na mwaka 1515 akaiunganisha na Castilla. Asiye makini huiacha hapo hapo. Lakini kaka yake Germaine, Gaston de Foix, aliuawa Ravenna tarehe 11 Aprili 1512, na dai la ukoo wa Foix juu ya Navarra likamwangukia Germaine. Akiwa na mwana hai, dai hilo ni la mwana. Fernando asingekuwa na sababu ya kumpa Castilla nchi ambayo mwanawe ana haki nayo kwa damu. Navarra inakwenda Aragon, na mpaka unaobishaniwa baadaye kati ya Juan na mpwa wake Charles unakuwa wa huko, kwenye mto Ebro.

Sasa hesabu umri. Fernando alizaliwa tarehe 10 Machi 1452 na kufa tarehe 23 Januari 1516. Usimwongezee maisha bila sababu. Juan anakuwa mfalme akiwa na miaka 6 na miezi 8. Kwa kweli ya kihistoria, mwaka ule Aragon ilisimamiwa na Alfonso, askofu mkuu wa Zaragoza, mwana wa nje wa Fernando. Katika hadithi yetu Germaine yupo, mjane wa miaka takriban 28, mama wa mfalme. Wagawie kazi: Alfonso ashike Aragon, mama amlee mtoto, wote wawili wahangaike na Cortes tatu, kila moja ikitaka kiapo chake. Sicilia iliasi mwaka huo huo dhidi ya Hugo de Moncada aliyekuwa akiitawala kwa niaba ya Fernando. Usiifute, sababu zake hazikuhusu nani atarithi. Sasa inamwangukia mfalme wa miaka sita.

Charles wa Ghent anabaki na Castilla kwa jina la mama yake, na nchi za Bourgogne. Watu hukimbilia kusema kwamba sasa hawezi kuwa Kaisari. Sikubaliani nao. Uchaguzi wa tarehe 28 Juni 1519 uligharimu takriban florini 850,000, na zaidi ya 540,000 zilikopwa kwa Jakob Fugger, mwenye benki. Deni hilo lilisimama juu ya madini ya Tirol na mapato ya Castilla, ambayo bado ni yake. Zaidi ya hayo, Papa Leo X alimpinga kwa sababu ya Napoli: ufalme ule ulikuwa chini ya Papa, na sharti la zamani lilikataza Kaisari kuushika. Mwondolee Charles Napoli, na kikwazo kikubwa cha Roma kinaondoka. Anachopoteza kiko baadaye, Italia: bila Sicilia na Napoli hana nyuma ya kusimamia akitaka kupigania Milano, ambayo François I, mfalme wa Ufaransa, aliichukua baada ya vita vya Marignano mwaka 1515.

Usimwokoe kila mtoto mwingine. Ukishamhuisha Juan, waache wengine wafe siku zao. Charles-Orland, mwana wa Anne wa Bretagne (mama yake Claude), alikufa Desemba 1495 kwa surua akiwa na miaka mitatu, na kati ya watoto wote aliozaa Anne kwa wafalme wawili ni mabinti wawili tu waliofikia utu uzima. Mtunzi anayewahuisha watano kwa mpigo ameacha historia na kuanza kuandika anachokitamani.

Mke wa Juan ni nani? Fungua tena kaunta buku. Isabel wa Ureno, aliyezaliwa 1503, ni binti wa dada yake Juan kwa baba. Catalina, mdogo wake Charles, aliyezaliwa 1507, hali kadhalika. Mary Tudor wa 1516, binti wa Catalina wa Aragon, hali kadhalika. Baba wa dada hao wote ni Fernando, basi takriban kila binti wa kifalme anayefaa ni mpwa wa Juan, hatua moja upande huu na mbili upande ule. Ruhusa ya namna hiyo iliwahi kutolewa, Napoli mwaka 1496, mfalme Ferrandino alipomwoa shangazi yake. Ila ni ghali, na adui wa Papa hapewi.

Anayebaki ni Renée wa Ufaransa, mdogo wake Claude, aliyezaliwa tarehe 25 Oktoba 1510. Babu wa pamoja ni Charles d'Orléans: kwa Renée hatua ni mbili kupitia Louis XII, kwa Juan tatu kupitia Marie d'Orléans na Germaine. Ruhusa ya kawaida. Umri unakaribiana. Shida ni Bretagne, ambayo mama yake, Anne, alitaka imfikie Renée. François I, mume wa Claude, hatamtoa shemeji yake kwa jirani mwenye nguvu bila hati ya kuikana Bretagne kabisa. Hati hiyo itajwe kwenye mkataba, na kiasi cha fedha cha kuifidia, na kifungu cha kifo: Renée akifa bila mtoto, fedha zinarudi kwa awamu ngapi.

Juan anatimiza miaka 14 tarehe 3 Mei 1523, Renée 12 tarehe 25 Oktoba 1522. Ruhusa isingoje hadi hapo. Leo X alifariki tarehe 1 Desemba 1521, na aliyechaguliwa Januari 1522, Adrian VI, alikuwa mwalimu wa Charles na msimamizi wake huko Castilla. Mjumbe wa Aragon aondoke Barcelona mapema mwaka 1521, akiwa na mkataba wa François mkononi, muhuri upigwe Leo akiwa hai. Akichelewa, ombi linamkuta mtu wa Charles mezani.